Kisiagi Kisicholia

Kijana akija kwangu kuomba ushauri wa biashara, swali langu la kwanza ni hili: biashara yako inalia? Wengi hunitazama kama mzee aliyesahau kunywa dawa zake. Basi keti nikueleze, kwa sababu jambo hili sikuzaliwa nikilijua, ingawa mengine mengi nilizaliwa nikiyajua.

Kwanza unifahamu. Nimewasagia mahindi watu wa Tena na Umoja, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kwa zaidi ya miaka ishirini. Kabla ya hapo nilikuwa Bulgaria miaka mitatu, nikisomea mitambo ya kusaga nafaka, nikapewa diploma yenye muhuri mwekundu na utepe. Kijijini kwetu, kule chini ya Mlima Elgon, walikuwepo waliorudi kutoka Ulaya na koti. Mimi nilirudi na koti na karatasi. Nilichinjiwa fahali. Katikati ya sherehe hiyo shemeji yangu Wafula, aliyekuwa na duka la chakula cha kuku huko Bungoma, alisimama akatangaza kwamba ameshanitafutia kazi. Ningekaa dukani kwake nikipima chakula cha kuku, na yeye angenisimamia.

"Injinia atashika mizani," alisema, na watu wakacheka mpaka wakaweka sahani chini.

Mimi sikucheka. Wiki hiyohiyo nilisafiri hadi Nairobi, na sijawahi kumpimia kuku wa mtu yeyote chakula mpaka leo. Lakini nilikaribia. Hapo ndipo kuna somo.

Katikati ya miaka ya tisini nilikodi chumba Tena, kando ya barabara ya kwenda Umoja. Mwenye chumba alikuwa Mzee Rajabu, Mnubi mtaratibu aliyeongea kana kwamba kila neno limekunjwa na kupigwa pasi. Mbali na chumba hicho alikuwa na vibanda vitatu pembeni, kimoja cha chai, kimoja cha kinyozi na kimoja cha kushona viatu, na vyote vilitegemea watu wanaopita. Kulikuwa na mtu wa bucha aliyekitaka chumba hicho. Mzee Rajabu aliniambia bila kuzunguka.

"Chumba changu kinataka miguu ya watu, kijana. Nakupa mpaka Idi. Siku ya pili ya Idi nikija nikakuta foleni, chumba ni chako. Nikikosa foleni, nampa wa bucha."

Nilimwambia foleni itafika kwake nyumbani. Nilikuwa na diploma, nani angenizuia?

Sasa sikiliza kosa langu, kwa sababu ni kosa ambalo mtu asiyesoma hawezi kulifanya. Visiagi vya Eastlands wakati huo, hizi mashine za kusaga mahindi ya ugali, vilikuwa na kelele ya kutisha. Kilichokuwa upande wa Umoja kikiwashwa, vikombe vya jirani vilitembea mezani. Mimi nilikuwa nimefundishwa na mwalimu mmoja mkali aliyeweka saa yake ya mkononi juu ya mashine inayosaga. Usipoisikia saa ikigonga, umefeli. Kwake yeye, kelele ilikuwa nguvu inayomwagika chini.

Kwa hiyo nilipofunga kisiagi changu cha umeme, nilikinyamazisha. Chini ya mota niliweka mpira wa tairi la lori. Nyundo za ndani, vile vipande vya chuma vinavyozunguka na kuponda punje, nilizipima moja moja mpaka zote zikalingana uzito, maana nyundo moja ikizidi nyenzake mashine hutetemeka. Halafu nikaijengea mashine nzima sanduku la mbao, na ndani ya sanduku nikapigilia godoro. Nikawasha. Nikaweka saa yangu juu. Niliisikia ikigonga.

Nilivaa koti langu, nikafungua mlango, nikangoja wateja.

Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya tatu alikuja mlinzi, mmoja wa wale wanaokesha kwenye maghala ya Eastleigh na kurudi mtaani asubuhi wakati watoto ndio wanaamka kupiga kelele. Alisimama mlangoni akiwa na rungu.

"Injinia, hapa mtu anaruhusiwa kuketi?"

"Wateja wote wanaruhusiwa."

Aliketi kwenye benchi, akaegemea ukuta, akalala kwa muda wa saa tano. Alipoamka alinishika mkono kwa mikono miwili. Kesho yake alileta wenzake watatu. Baada ya hao akaja mama mwenye mtoto mchanga asiyelala, na mtoto akalala. Akaja mwanamume mmoja mwenye miwani aliyekuwa akisomea mtihani wa uhasibu kwa mara ya nne. Wakaja akina mama wa kikundi cha maombi waliokuwa wakifunga, wakaniomba kona.

Mimi, kwa elimu yangu, nilihesabu vichwa nikaona biashara inakua. Nikanunua benchi la pili.

Kijana, andika hili mahali: watu kujaa dukani kwako si biashara. Nilikuwa na chumba kilichojaa watu kuanzia asubuhi hadi saa kumi, na hakuna hata mmoja aliyekuja na punje ya mahindi.

Ramadhani ilipofika katikati, Mzee Rajabu alipita kunitazama. Aliingia, akasimama, akavua viatu bila kujua kwa nini.

"Injinia, hawa ni nani?"

"Wateja, Mzee."

"Wateja wa nini?"

"Bado hawajaamua."

"Na mbona wamelala?"

Mwenye miwani aliinua macho kutoka kitabuni akaweka kidole mdomoni mwake, kumwomba Mzee Rajabu anyamaze. Mzee Rajabu, ndani ya jengo lake mwenyewe, alinyamaza. Alinivuta nje akiwa bado peku.

"Nilikodisha kisiagi ama hospitali?" aliniuliza kwa kunong'ona, maana hata nje alikuwa ameshaambukizwa. "Yule wa bucha ameshanunua ndoano za nyama. Ameniuliza ukuta upi una nguvu."

Siku hiyo niliiona mizani ya Wafula mbele yangu waziwazi, hata kile kijiko chake cha bati kilichopinda mpini.

Sasa nikujulishe kwa Mama Nekesa. Aliuza mboga za kunde na mrenda ng'ambo ya barabara, mbele ya mlango wangu kabisa, na hakuna aliyemchagua lakini yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wanawake wote waliotoka magharibi katika upande huo wa mtaa. Alichokula Mama Nekesa, walikula. Kila siku ya pili alipita mlango wangu na mahindi yake kwenye karai kichwani, akaenda mpaka Umoja kusaga, akarudi na unga. Tulikuwa watu wa nyumbani kumoja. Iliniuma.

Kesho yake nilimsimamisha.

"Mama, unapita mlango wa nani?"

"Napita pole pole, baba. Nimesikia kuna wagonjwa."

"Hiki ni kisiagi."

Alinitazama kwa huruma. "Kinasema nini?"

"Hakisemi. Ndiyo ubora wake. Niletee kipimo kimoja tu, gorogoro moja, uone."

Kwa sababu mimi ni mtoto wa kwao, alikubali. Yalikuwa mahindi ya shambani kwake, meupe yenye punje chache nyekundu, makavu vizuri. Niliuma punje moja mbele yake. Hii nayo ishike: punje ikikatika kwa mlio mkavu, saga, ikibonyea chini ya jino, mrudishie mwenyewe akaanike, la sivyo itaziba chujio lako na atakulaumu wewe. Nikamimina, nikabonyeza swichi. Mama Nekesa alisimama mbele ya sanduku mikono kiunoni.

"Anza basi," alisema.

"Nimemaliza, mama."

Niliukinga unga mweupe, laini, bado una joto. Unga ambao mwalimu wangu angeulilia. Mama Nekesa aliuchota, akaunusa, akausugua kwa vidole, akaurudisha ndani ya karai.

"Huu si wangu."

"Ni wako. Tazama vidoa vyekundu vya zile punje."

"Hata mwizi anaweza kuweka vidoa. Mimi nauliza mahindi yangu yako wapi. Niliyamwaga hapo, sikuyasikia yakisagwa. Yamekwenda wapi?"

"Yamesagwa, mama."

"Yamesagwa na nani? Fungua hilo sanduku. Humo ndani kuna unga wa dukani, na mahindi yangu umeyaficha."

Ningekuwa mjinga ningekataa. Kwa kuwa nimesoma, nilifungua. Akachungulia. Kisha akanigeukia.

"Na godoro ni la nini?"

Kijana, kuna maswali ambayo ukiyajibu kwa ukweli unazidi kuonekana mwongo. Nilimweleza kuhusu mawimbi ya sauti. Aliwatazama walinzi wanne waliolala kwenye benchi, akatazama godoro, akanitazama mimi na koti langu, akachukua karai lake akaondoka. Jioni hiyo mtaa mzima ulikuwa umeambiwa kwamba Injinia anabadilisha mahindi ya watu na kwamba yeye mwenyewe hulala ndani ya mashine.

Nilienda kumtafuta Fundi Otieno. Huyu alikuwa mzee wa karakana za bati upande wa Mathare, aliyekuwa akitengeneza visiagi tangu mimi ni mtoto wa kuchunga. Hakuwa na karatasi ya aina yoyote, hata kitambulisho alikuwa amekipoteza. Alikuja, akaweka sikio kwenye sanduku.

"Hii ilikufa lini?"

"Haijafa. Inasaga."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Otieno alivua kofia, kama mtu aliyefika matangani. Akaketi kati ya walinzi wawili, akaniuliza, "Kwenu kulikuwa na kisiagi cha dizeli?"

Kilikuwepo, ng'ambo ya mto.

"Na mlijuaje kimefunguliwa?"

Nikakumbuka. Kila kisiagi cha dizeli nyumbani kilikuwa na kopo limefungwa kwenye bomba la moshi, na kopo hilo lilipiga puu, puu, puu, likasikika milima mitatu. Mama yangu akilisikia alifunga kitambaa kichwani na kuchukua mahindi. Lisipolia, alikaa. Nilikuwa nimelisikia kopo hilo utotoni mwangu mwote, nikaenda Ulaya, nikafundishwa kulisahau.

"Basi umejijibu," alisema Otieno. "Mwanamke hawezi kuona ndani ya mashine. Ile sauti ndiyo anayoona nayo. Ukiinyamazisha, umemzimia taa halafu unamwambia akuamini. Nikuwekee kopo pale juu hewa inapotokea."

Nilimwambia siwezi kufunga kopo kwenye mashine ya kisasa. Nina diploma.

"Kopo halitaiona," alisema Otieno.

Nilimfukuza kwa heshima. Na kwa kuwa sikutaka kushindwa na kopo, nikafanya kosa la pili, ambalo lilikuwa la kisomi zaidi. Kama wanataka sauti, nilijiambia, nitawapa sauti iliyopimwa. Nilikata mabomba matatu ya urefu tofauti, nikayafunga mahali hewa inapotokea, yakatoa sauti tatu zilizopatana vizuri kabisa. Nilipowasha, akina mama wa maombi kwenye kona walianza kuimba bila kuambiwa. Muda mfupi baadaye barabara ilijaa watoto wameshika sarafu, wakisukumana, wakidhani ni muziki wa mwuza aiskrimu, wakiuliza aiskrimu ya rangi gani imebaki.

Ng'ambo ya barabara nilimsikia Mama Nekesa akimwambia mteja wake, "Ule unga ulimshinda. Sasa anauza aiskrimu."

Zilikuwa zimebaki siku tatu Idi ifike. Niliketi nikaitazama diploma yangu ukutani. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ambayo hakuna mtu Tena aliyeweza kuisoma, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mashine yangu nayo ilikuwa hivyohivyo. Nilikuwa nimeisomea mashine miaka mitatu, na sijawahi kumuuliza hata mwanamke mmoja mwenye mahindi swali lolote. Nilivua koti. Nikaenda Mathare kwa miguu, na kwa Otieno sikusema mengi, nilisema tu, "Fundi, njoo na kopo."

Kopo nalo lina ujuzi wake, usidhani. Otieno alileta la mafuta ya kupikia, la kilo mbili. La kilo moja, alisema, hulia kama mbuzi, na mbuzi hamwiti mtu. Alilitoboa matundu saba kwa msumari, makubwa chini na madogo juu, akayatoa mabomba yangu na kulifunga kopo mahali pake kwa waya bila kukaza sana ili lipate kutetemeka. Kisha alibomoa sanduku langu, akang'oa godoro, akawapa walinzi.

"Washa," alisema.

Nikawasha. Sijui nikueleze vipi sauti ile. Ilikuwa kama ng'ombe mkubwa anayelalamika kuhusu jambo la zamani. Walinzi wote wanne waliamka kwa pamoja na kushika marungu yao. Mtoto mchanga alilia. Akina mama wa maombi walisema amina na kutoka. Mwenye miwani alifunga kitabu chake taratibu, akaja akasimama mbele yangu. Ilibidi apaaze sauti.

"Injinia, nimekukosea nini?"

Sikuwa nikimtazama yeye. Nilikuwa nikimtazama Mama Nekesa. Alikuwa ameinama akifunga mafungu ya kunde. Hakuinua kichwa. Jirani yake aliniambia baadaye kwamba alisema tu, "Kumbe kimepona." Akaweka kunde chini, akafunga kitambaa kichwani, akaenda nyumbani kuchukua mahindi.

Aliporudi alimimina gorogoro ileile ya mahindi yaleyale yenye punje nyekundu. Mashine ilikuwa ileile, na nyundo zilezile, na chujio lilelile. Alichota unga, akaunusa, akausugua.

"Huu ndio wangu," alisema.

Nilifungua mdomo kumweleza kwamba hakuna tofauti hata ya chembe moja kati ya unga huu na ule. Otieno alinikanyaga mguu.

"Nyamaza," alisema. "Sasa ni zamu ya kopo kuongea."

Siku ya pili ya Idi Mzee Rajabu alikuja na kanzu mpya, na nyuma yake mtu wa bucha na futi ya kupimia ukuta. Foleni ilianzia mlangoni, ikapita kibanda cha chai, ikapita kwa kinyozi, ikakata kona. Mtu wa bucha alijaribu kupita pembeni aingie kupima. Mwanamke mmoja katikati ya foleni alimshika shati.

"Baba Kevin, unaenda wapi? Shika laini kama wengine."

Alikuwa mke wake. Mtu wa bucha alisimama nyuma yake, akashika karai kwa mkono mmoja na futi kwa mwingine, akasogea na foleni mpaka zamu yao ikafika. Niliwasagia vizuri sana.

Mzee Rajabu aliniambia kitu, lakini kopo lilikuwa likilia. Akarudia. Akarudia mara ya tatu, kwa sauti ambayo sidhani alikuwa ameitumia tangu ujana wake: "Chumba ni chako." Nilikuwa nimesikia mara ya pili, lakini nilimwomba arudie mara ya nne. Jambo kama hilo haliji kila siku.

Diploma ilianguka ukutani alasiri hiyohiyo kwa kutetemeka. Niliitundika tena kwa misumari minne. Naona vijana wengine wakisikia hadithi hii hudhani nadharau kusoma. Hapana. Unga wangu ulikuwa bora Eastlands nzima, na ulikuwa bora kwa sababu ya zile nyundo nilizozipima moja moja. Lakini ubora ulikuwa wangu mimi, na uthibitisho ulikuwa wa mteja. Tafuta alama ambayo yeye huitazama kujua kwamba kazi yake imefanyika. Kwa kinyozi pengine ni taulo la moto, kwa fundi wa viatu ni kuona msumari ukiingia. Ukiijua, usimnyime kwa sababu ulifundishwa kwamba haihitajiki. Mfungie kopo, na useme asante kwa aliyekufundisha, hata kama hana kitambulisho.

Wafula alikuja kunitembelea miaka michache baadaye. Alisimama mlangoni ameziba masikio, akaniuliza kelele hiyo yote ni ya nini. Nilimwambia ni teknolojia ya Bulgaria. Alikubali kwa kichwa.

Sasa nimestaafu. Naishi palepale Tena, na kisiagi nilimwachia kijana mmoja mwenye digrii, kijana mzuri, mwenye adabu. Asubuhi moja mwaka jana nilikuwa nakunywa chai nikahisi kuna kitu kimepungua duniani. Ilinichukua muda kujua ni nini. Kopo halikuwa likilia. Nilivaa viatu na koti, nikaenda.

Kijana alinipokea kwa furaha. Alikuwa amevaa koti.

"Mzee, nimeondoa lile kopo. Ilikuwa ni nguvu inapotea bure. Sikiliza sasa."

Nikasikiliza. Alikuwa ameweka saa yake juu ya mashine, na niliisikia ikigonga. Kwenye benchi, wasichana wawili wa chuo walikuwa wakisoma, na mlinzi mmoja alikuwa amelala ameegemea ukuta.

"Wateja wanaongezeka," kijana alininong'oneza.

Nilitoa kopo la kilo mbili chini ya koti langu, maana siku zote huwa nina la akiba, nikaliweka juu ya benchi kati yangu na yule mlinzi. Kisha nikaketi nikangoja aniulize ni la nini.

Palikuwa na utulivu mwingi pale ndani. Sikumbuki nililala saa ngapi. Nilichoamshwa nacho, nakikumbuka. Ilikuwa sauti ya msumari ukitoboa bati, na kijana akiniuliza, "Mzee, matundu makubwa yanakaa chini ama juu?"